Ramani ya Gemu na Bei ya Mega

Julai 2021 kampuni ya Konami ya Japani ilizika jina la PES. Mchezo wa mpira ambao vijana wa Goma, Bujumbura, Kampala na Mombasa waliukuta kwenye vyumba vya PlayStation 2 sasa ungeitwa eFootball, ungepatikana bure, na ungejengwa mbele ya macho ya wachezaji. Ili kuwatuliza wenye wasiwasi, Konami ilitoa picha moja iliyogawanywa katika vipindi vitatu. Mapema katika vuli ya huko kwao zingekuja mechi za kawaida na timu chache. Vuli ikikolea, ligi za mtandaoni na kujenga kikosi. Majira ya baridi yakifika, simu nazo zingeingia, mwenye telefone akutane uwanjani na mwenye PlayStation.

Picha ilipendeza. Tarehe 30 Septemba toleo la kwanza likatoka, na nyuso za wachezaji nyota zilikuwa zimepinda kiasi cha kugeuka kichekesho cha dunia nzima. Katika duka la Steam gemu hiyo ilishuka hadi miongoni mwa zilizopewa alama mbaya kuliko zote. Toleo lililotakiwa kuleta mambo ya vuli, lililopangiwa tarehe 11 Novemba, lilisogezwa mbele na kutoka 14 Aprili 2022. Simu zilipata zamu yao tarehe 2 Juni. Ama Master League, ile sehemu ya kuongoza klabu msimu baada ya msimu ambayo watu wazima wenye kazi na watoto bado wanaililia, ilisemekana ingekuja 2023. Mwaka 2023 ulipita bila Master League.

Katika vyumba vya PlayStation vya ukanda wetu, kuisasisha PES ilikuwa kazi iliyoendelea bila kuingoja Konami. Mafundi wasiojulikana majina walichoma upya diski za zamani, wakabadilisha vikosi, wakachora jezi za msimu, wakamhamisha mchezaji kutoka klabu hii hadi ile kabla hajazoea jiji jipya. Hawakutoa ramani wala tarehe. Kila mtu alijua tu kwamba ligi za Ulaya zikianza, diski mpya itafika sokoni muda si mrefu, na bei yake inajulikana kabla hujaitia mkononi.

Safu ya leo inahusu picha ya aina ile ya Konami, yaani ramani ya kazi ambayo watengeneza gemu huwapa wachezaji wao: tutaanza na hiki, kitafuata kile, mwakani tutafika pale. Ninaiandika nikiwa na mchezaji mmoja akilini, kijana wa Rumangabo, katika teritwari ya Rutshuru, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma kwenda kaskazini. Ana telefone ya Tecno au Itel, anajua kucheza, na ananunua mega za intaneti kwa forfe, yaani vifurushi, ndogo ndogo. Dai langu ni moja. Ramani nyingi za kazi huorodhesha zawadi na kuficha gharama, na gharama hizo ziko pande mbili: vitu ambavyo mtengenezaji alilazimika kuvitupa njiani, na vile ambavyo mchezaji atalazimika kuvitoa ili apokee vilivyobaki.

Tuanze na upande wa mtengenezaji, maana huko ndiko desturi hii ilikozaliwa.

Gemu ilipouzwa ndani ya boksi, hakukuwa na haja ya ramani. Ulinunua kilichomo, kikiwa kibovu, ulimlaani muuzaji na kuazima diski ya jirani. Mambo yalibadilika gemu zilipoanza kuuzwa zingali changa. Markus Persson wa Sweden alianza kuuza Minecraft mwaka 2009, na toleo kamili, 1.0, likatoka Novemba 2011, baada ya watu wengi mno kuwa wameshalipa. Mwaka 2012 wimbi la kuchangisha fedha mtandaoni likaja kwa kishindo. Machi 2013 Steam ikafungua mlango rasmi kwa gemu zinazouzwa huku zikiendelea kujengwa. Kuanzia hapo mchezaji akawa mdai. Amelipa leo kitu kitakachokamilika kesho, na mdai ana haki ya kuuliza deni litalipwa lini.

Valve, wenye Steam, waliona hatari mapema. Kanuni zao zinawaonya watengenezaji wasitoe ahadi mahususi kuhusu mambo yajayo, na mnunuzi anaambiwa anunue kwa kuangalia hali ya gemu ilivyo siku hiyo. Kanuni nzuri, ila haiendani na moyo wa mnunuzi. Anayelipia gemu changa hakuvutiwa na leo yake. Amevutiwa na kesho. Ukimwondolea kesho hiyo, anafunga pochi. Kwa hiyo ramani huchorwa tu, hata na wale wanaojua kwamba hawajui.

Mfano uliokomaa kupita yote ni Star Citizen, gemu ya anga ya Chris Roberts. Uchangishaji ulianza Oktoba 2012, na toleo likatajwa kuwa la mwaka 2014. Fedha zilizochangwa zimepita dola milioni 800, na gemu haijafika toleo lake la 1.0. Studio hiyo imejaribu kila namna ya ramani: kadi za kila kipengele, makadirio ya robo hii ya mwaka na zile zinazofuata, orodha ya timu na kazi inayofanywa na kila moja. Mwanzoni mwa 2022 ikatangaza kwamba haitaonyesha tena makadirio ya matoleo ya mbali, ila ya robo ya mwaka iliyo karibu tu, kwa sababu kuna watu waliokuwa wakiyasoma makadirio kama ahadi. Nasema hao watu walisoma sawasawa. Aliyetoa fedha zake ana haki ya kuita ahadi kila kitu kilichoandikwa karibu na mahali alipolipia. Kosa la studio ni kwamba kadi iliyosogezwa haikueleza vya kutosha imesogezwa kwa ajili ya nini. Ukimwonyesha mdai tarehe ikisogezwa mara kwa mara bila kisa kinachoeleweka, atachukia tarehe na kumchukia mwandishi wake.

Linganisha na Minecraft ya miaka ya karibuni, ambako ndiko ningemtuma mwanafunzi yeyote wa kazi hii. Oktoba 2020 studio yake, Mojang, ilitangaza toleo kubwa la mapango na majabali kwa majira ya joto ya 2021. Ndani yake kulikuwa na milima mipya, mapango marefu, mbuzi, akiolojia na mfuko wa kubebea vitu vidogo vidogo. Aprili 2021 ikatoka na habari mbaya: kazi ni ngumu kuliko ilivyodhaniwa, watu wanafanya kazi wakiwa nyumbani kwa ajili ya korona, na afya ya timu ni muhimu kuliko tarehe. Toleo likagawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza ikatoka 8 Juni, ya pili 30 Novemba 2021, kama ilivyosemwa. Akiolojia ikatolewa kabisa katika mpango ule, nayo ikaja katika toleo la Juni 2023. Mfuko ule mdogo ulichelewa zaidi: ulifika mwishoni mwa 2024, miaka minne baada ya kuonyeshwa.

Miaka minne kwa mfuko wa kuwekea vitu! Hata hivyo hakuna mchezaji wa Minecraft asiyejua kwa nini. Mojang walieleza kwamba mfuko haukukaa vizuri kwenye skrini ya kugusa, na Minecraft ni gemu inayochezwa sana kwenye simu. Kisa cha vimulimuli kinafurahisha zaidi. Vilionyeshwa kama sehemu ya toleo la 2022, vikiwa chakula cha vyura. Wachezaji wakawaambia kwamba katika ulimwengu halisi baadhi ya vimulimuli ni sumu kwa vyura, na mtoto anayecheza Minecraft anaweza kumlisha chura wake wa kweli. Vimulimuli vikafutwa. Machi 2025 vikarudi kwa njia nyingine, ndani ya kichaka kinachong'aa usiku, na chura hana habari navyo.

Katika masimulizi haya yote thamani ya ramani iko kwenye mistari iliyokatwa. Mchezaji alijua kilichotupwa, aliyekitupa na sababu yake. Septemba 2024 Mojang wakaenda mbali zaidi: wakaachana na desturi ya toleo moja kubwa kwa mwaka na kuahidi matoleo madogo madogo, kila moja likitangazwa linapokaribia kuiva. Nimesikia watu wakiita huo uvivu. Mimi naona ni hesabu. Toleo dogo linapochelewa, deni lake nalo ni dogo.

Wapo wanaosema dawa ni kunyamaza, na hao hunitajia No Man's Sky. Kabla ya gemu hiyo kutoka Agosti 2016, Sean Murray wa Hello Games aliongea kila mahali, na mengi aliyoyaongelea hayakuwemo. Kucheza pamoja na rafiki, jambo ambalo watu walilingoja kuliko yote, halikuwepo. Baada ya dhoruba, studio ikafunga mdomo. Novemba mwaka huohuo ikatoa toleo kubwa la kurekebisha, bure. Julai 2018 ikaleta kucheza pamoja kwa ukamilifu. Na imeendelea hivyo hadi leo, ikitangaza kitu siku chache kabla au siku yenyewe kinapotoka. Imesamehewa, na ilistahili. Ila usimpe kijana wa Kampala au Bukavu anayeanzisha studio ya watu watatu ushauri huo. Hello Games walinyamaza wakiwa wameshauza nakala nyingi kwa bei kamili; walikuwa na akiba ya kuishi katika kimya chao. Asiye na akiba akinyamaza, watu hudhani amekufa.

Nani basi amepatia? Wube wa Prague, watengenezaji wa Factorio, walianza mwaka 2013 kuwaandikia wachezaji barua ya kila Ijumaa, na waliendelea hivyo kwa miaka mingi: tumejaribu reli ya namna hii, imeshindikana, tazameni kwa nini. Ni ramani inayochorwa kwa kutazama nyuma. Walikuwa wamepanga toleo lao la 1.0 litoke 25 Septemba 2020. Cyberpunk 2077, gemu kubwa ya Poland, ikatangaza 17 Septemba. Wube wakaona watafunikwa, wakaiwahisha tarehe yao hadi 14 Agosti, na wakasema wazi sababu ni hiyo. Cyberpunk yenyewe ikaahirishwa tena hadi Novemba, kisha Desemba 10, na ilipotoka ilikuwa na kasoro nyingi hata Sony ikaiondoa dukani kwa miezi sita. Januari 2021 Marcin Iwiński, mwanzilishi mwenza wa kampuni iliyoitengeneza, akaomba radhi kwenye video, akaonyesha mstari wenye vituo vya matengenezo. Mwezi uliofuata wadukuzi wakaishambulia kampuni na kituo kimoja kikachelewa wiki kadhaa. Gemu ikatengemaa kweli, mwaka 2023.

Sasa twende Rumangabo.

Ni mahali padogo penye uzito mkubwa. Yapo makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, na karibu yake kambi ya kijeshi ambayo imebadilisha mikono mara kadhaa. Waasi wa M23 waliingia 2012 na wakaingia tena mwishoni mwa 2022. Watu wa hapa wamesoma ratiba za kila aina. Walisoma kalenda ya uchaguzi wa 2016, uliofanyika Desemba 2018. Walisoma kalenda ya 20 Desemba 2023, na siku ilipofika nchi ilipiga kura huku Rutshuru na Masisi zikiachwa nje kwa sababu ya vita. Kalenda ilitekelezwa; mstari wao tu ndio haukuwemo. Mtu aliyepitia hayo hasomi ramani ya gemu kama asomavyo kijana wa Stockholm. Swali lake la kwanza ni kama yeye yumo.

Wala Rumangabo si ngeni kwa biashara ya kuuza kesho mtandaoni. Mwaka 2020 Hifadhi ilianza kutumia umeme wa maji wa kituo cha Luviro kuchimba bitcoin, ikitafuta fedha baada ya korona kufunga utalii. Baadaye ikashirikiana na mradi wa CyberKongz kuuza picha za kidijitali za sokwe, na mnada huo ukaingiza zaidi ya dola milioni moja. Miradi ya picha za namna hiyo mwaka 2021 iliazima ramani ya kazi moja kwa moja kutoka kwa watengeneza gemu: nunua picha, gemu itakuja, sarafu yake itakuja, ulimwengu mzima utakuja. Soko la sarafu hizo likaporomoka 2022, na mingi kati ya miradi hiyo ikafa na ramani zake. Hifadhi ilipata fedha taslimu, nazo zilikwenda kwenye kazi yenye macho na mikono. Walioachiwa ramani ni wanunuzi wa kwingineko.

Lakini ahadi iliyobadilisha maisha ya mchezaji wetu ni nyingine, na haikutolewa na mtengeneza gemu. Desemba 2015 kituo cha umeme wa maji cha Matebe, katika Rutshuru hiyohiyo, kilianza kazi kikiwa na uwezo wa megawati zaidi ya 13. Ulikuwa mstari mmoja katika mpango mrefu wa Virunga wa kujenga vituo kadhaa kwenye mito ya mbugani. Waya ulipofika, telefone haikuhitaji tena kupelekwa kwa mwenye jenereta. Nyaya hizohizo hukatika mapigano yanapozuka. Januari 2025, M23 walipoiteka Goma, mji ulikaa gizani kwa siku kadhaa. Hata hivyo mwenye kituo cha umeme anapotangaza, watu hujua cha kuuliza: nguzo zinafika wapi, kuunganishwa ni dola ngapi, yuniti inauzwaje. Gharama imo ndani ya habari yenyewe, kwani bila hiyo habari haina kazi kwa mtu anayeisikiliza.

Ramani ya gemu haina kitu cha namna hiyo. Chukua tangazo lolote la msimu mpya wa PUBG Mobile, Call of Duty: Mobile au Free Fire. Utaona ramani mpya ya vita, bunduki mpya, nguo mpya, ushirikiano na msanii fulani. Uzito hauonekani, na ndio unaoamua kama Rumangabo itaingia msimu huo au itabaki katika uliopita. Gemu hizi za mtandaoni hazikuachi ukae na toleo la zamani: seva ikishahama, usiposasisha huingii. Tena uzito unaoandikwa dukani mara nyingi ni mlango tu. Ukishafungua, gemu yenyewe huanza kupakua ramani, sauti na picha, na hapo ndipo forfe ya wiki huliwa kwa jioni moja. Kinachofuata ni nafasi. Telefone yenye gigabaiti 32, ambazo nusu yake zimeshikwa na mfumo wa Android na WhatsApp, inampa mwenyewe chaguo baya: afute picha za harusi ya dada au afute gemu.

Wachezaji wamejitengenezea njia zao. Mmoja anayefanya kazi mahali penye Wi-Fi hupakua, kisha gemu hutembea kutoka telefone hadi telefone kwa programu ya Xender, bila mega hata moja. Mtaa mzima husasishwa kupitia mtu mmoja. Nimekwisha kusikia wataalamu wa kampuni wakiita hilo uharamia. Ni uchukuzi. Gemu ni bure, akaunti ni ya kila mtu mwenyewe, na fedha ya nguo na bunduki bado inakwenda kwa kampuni. Kilichopunguzwa ni ada ya barabara tu, na mtengenezaji mwenye akili angeiandika njia hiyo ndani ya ramani yake: toleo hili linaweza kupitishwa kwa mkono, na hivi ndivyo utakavyojua kwamba faili halijachezewa.

Nani amewahi kufikiri hivyo? Lual Mayen, kwa mfano. Familia yake ilikimbia vita vya Sudani Kusini, naye akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kompyuta ndogo, na kijana akawa anatembea masaa matatu kwenda kuichaji. Gemu aliyoitengeneza, Salaam, inahusu kukimbia vita na kutafuta amani. Mwanzoni aliisambaza kambini kwa Bluetooth, kutoka simu hadi simu. Yeye hakuwa na haja ya kufanya utafiti wa soko. Alijua mega ni nini. Desemba 2018 alitunukiwa huko Los Angeles katika The Game Awards, na Salaam akaiendeleza huko Marekani kwa njia za huko. Njia hizo zina fedha zaidi na watazamaji zaidi. Ila naamini jambo lake la kijasiri kupita yote lilikuwa lile la Bluetooth, na hakuna mtu aliyelipa jukwaa kwa ajili hiyo.

Studio za bara hili zinazochukua fedha za watu kabla ya kazi kuisha zipo, na zitaongezeka. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilichangisha zaidi ya euro 40,000 mwaka 2015 na kutoa Aurion mwezi Aprili 2016. Nairobi, Wesley Kirinya alikuwa na gemu yake, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007, kabla ya kuungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Ukiwauliza watu wa kizazi hicho ni nini kinachochelewesha kazi, orodha yao haifanani na ya Mojang. Umeme ulikatika. Intaneti ilianguka. Mchoraji alipata ajira benki. Ni sababu za kweli, na nimeona wengi wakiona haya kuziandika, wakijificha nyuma ya maneno ya Kiingereza kuhusu ubora. Wachezaji wao wanaishi na umeme uleule. Ukiwaambia kwamba wiki mbili zilipotea kwa sababu laini ilikatika, hawahitaji maelezo zaidi. Wanahitaji tu kujua kipi kimesogezwa.

Nikipewa kalamu ya kuchora ramani kwa ajili ya mchezaji wa Rumangabo, ningeanza na mambo yasiyopendeza. Kila kitu kitakachoongezwa kiandikwe na uzito wake unaokadiriwa, na ukipita makadirio, isemwe. Simu ya zamani kabisa itakayoendelea kukubaliwa itajwe kwa kiasi cha kumbukumbu yake, na siku ya kuiacha itajwe mapema, si siku ileile gemu inapokataa kufunguka. Isemwe ni sehemu zipi zitachezeka bila mtandao. Yaliyokatwa yabaki kwenye ukurasa, yamepigwa mstari na sababu pembeni, walau kwa mwaka mmoja. Tarehe ningeziandika kwa vitu vilivyokwisha kutengenezwa na vinavyosubiri kujaribiwa tu. Vingine ningevipanga kwa kufuatana: hiki kabla ya kile. Kisha ningeisoma yote kwa sauti, kwa Kiswahili, dakika mbili, na kuituma WhatsApp. Ujumbe wa sauti ni mwepisi kuliko picha zile kubwa zenye maandishi ya dhahabu, na unamfikia hata aliyeacha shule njiani.

Watengenezaji wakubwa watasema haya ni mambo ya soko dogo. Wanasahau walivyofika hapo. Free Fire ya Garena, ya mwaka 2017, ilikubaliwa Brazili, India na kwetu kwa sababu ilikubali simu ambazo wengine walizikataa. PUBG Mobile ikalazimika kuzaa toleo lake jepesi. Warzone Mobile ya Activision ilikwenda njia nyingine: ikaja Machi 2024 na picha za kupendeza na njaa ya nafasi na nguvu ya simu, ikaondolewa madukani Mei 2025. Waliokuwa wamenunua bidhaa ndani yake hawakuwahi kuonyeshwa mstari wa kuondolewa huko katika ramani ya msimu wowote.

Mstari huo wa mwisho, wa siku ya kuzima, ndio gharama iliyofichwa kupita zote. Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, na hata mtu aliyekuwa akicheza peke yake hakuweza tena kuwasha gari. Ross Scott, mtengeneza video wa Marekani anayeishi Poland, akaanzisha kampeni ya kudai kwamba gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka kampuni inapoondoka. Ombi la kampeni hiyo kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja Julai 2025. Kabla ya hapo, Septemba 2024, Ubisoft ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba The Crew 2 na Motorfest zitapewa namna ya kuchezwa bila seva. Kelele hizo zilipigwa na wachezaji wenye intaneti isiyolala, wakihofia kupoteza gemu baada ya miaka kumi. Kwa mtu wa Rumangabo, gemu inayochezeka bila seva ni gemu ya jioni ya leo, mnara ukiwa umezimika na telefone bado ina asilimia 40 za chaji.